Kutoka Lugalo hadi Songea: simulizi ya safari katika makumbusho madogo ya Nyanda za Juu Kusini

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurejea nyumbani, kwa kuunganisha daftari langu la safari na picha za simu. Nilisafiri mwezi Juni, shule zilipofungwa, nikiwa na nia ya kuona vitu vinavyotunzwa katika nyumba ndogo za kumbukumbu zilizo mbali na Dar es Salaam, na kuuliza kuhusu kila kitu nilichokiona: kilikuwa cha nani, kilifikaje hapa, na nani anayejua habari zake. Kwa maoni yangu, mkuki ambao hatujui ulishikwa na mkono wa nani ni kipande cha chuma na mti. Habari zake ndizo zinazoufanya ustahili kabati la kioo, na katika nyumba hizi habari hizo mara nyingi zimo kichwani mwa mtu mmoja tu.

Jumatatu: Dar es Salaam hadi Iringa

Basi liliondoka kituo cha Mbezi Louis saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nauli ikiwa shilingi 33,000. Hadi Morogoro hapakuwa na la kusimulia. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inapita kwa takribani kilomita 50, dereva alipunguza mwendo kama sheria inavyotaka, tukawaona swala na twiga kwa karibu kabisa. Ruaha Mbuyuni tulizungukwa na wauza vitunguu, na mama aliyekaa kando yangu akanunua kapu zima kupitia dirishani, akapatana bei, akalipa na kupokea chenji kabla gari halijasimama sawasawa.

Katika mlima Kitonga tulikwama kwa zaidi ya saa moja na nusu, kwa sababu lori lililobeba saruji lilikuwa limekatika ekseli kwenye kona na magari yakawa yanapita upande mmoja kwa zamu. Mama yule wa vitunguu alifungua kontena lake la chakula, akanipa nusu ya viazi vitamu alivyokuwa navyo, na alipokataa shukrani zangu alisema tu, "Kula mwalimu, mlima huu hauna haraka." Ni yeye pia aliyenitahadharisha nikae upande wa dirisha ili nisiupite mnara wa Lugalo bila kuuona.

Mnara huo uko karibu kabisa na barabara kuu, kabla ya kuingia Iringa mjini. Hapo Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Wahehe lilivamia msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Kijerumani, likamuua yeye pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, na kuteka bunduki zao. Mnara ulijengwa kuwakumbuka wale walioshindwa. Niliutazama kwa sekunde chache tu kupitia kioo, lakini ulinipa swali nililotembea nalo wiki nzima: kama washindwa walijengewa mnara, vitu vya washindi viko wapi?

Kwa watakaofuata: kituo kipya cha mabasi cha Iringa kiko Igumbilo, chini ya mji, kwa hiyo weka akiba ya nauli ya bajaji au daladala ya kukupandisha mjini. Na chukua sweta, hata kama Dar umeondoka ukitokwa jasho.

Jumanne: Boma la Iringa

Boma la Iringa ni jengo la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, ambalo baadaye lilitumika kama ofisi za serikali, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni. Kuta zake ni nene kiasi kwamba ukiingia unaacha kelele za mjini mlangoni. Kiingilio kwa raia ni kidogo, hakifiki bei ya chakula cha mchana, na mwongozaji hukutembeza chumba hadi chumba bila kukuharakisha.

Nilikaa muda mrefu zaidi mbele ya vitu vya nyumbani na vya shambani kuliko vya vita. Vikapu vya milulu (aina ya nyasi), ambavyo wanawake wa Iringa wanavisuka mpaka leo na kuviuza hata nje ya nchi, vinaonekana vya kawaida mpaka usimame karibu na kuona jinsi msukaji anavyoanza katikati ya kitako, akizungusha na kukaza, ukingo ukiwa ndio mahali pa kuonyesha ufundi wake. Kikapu hakina sahihi. Aliyekisuka anajulikana kwa mkono wake tu, na wanaoujua mkono huo ni majirani zake.

Jambo hilo nililielewa vizuri zaidi jioni. Katika nyumba ya wageni nilikolala (shilingi 25,000 kwa usiku, pamoja na chai na maandazi), mwenye nyumba, mama wa makamo, aliniuliza nimekuja kufanya nini Iringa. Nilipomwambia, aliinuka bila kusema neno, akaenda chumbani, akarudi na kibuyu cheusi kwa moshi, chenye ufa ulioanza shingoni na kushuka hadi tumboni. Ufa ulikuwa umeshonwa. Mtu alitoboa matundu madogo pande zote mbili, akapitisha uzi wa nyuzi za miti kwa mishono ya mkingamo iliyolingana, kisha akaziba kwa nta, na nilipopitisha kidole juu yake niliihisi mishono kabla ya kuuhisi ufa wenyewe. Alisema kibuyu kilikuwa cha bibi yake, kilipasuka siku ya msiba wa babu, na aliyekishona ni mdogo wake bibi, aliyekuwa haoni vizuri na alifanya kazi hiyo kwa kupapasa. "Ningekipeleka Boma," alisema, "lakini mimi nikifa nani atawaambia hayo?"

Nilimwomba ruhusa ya kuyaandika aliyoyasema, pamoja na majina yote, kwenye karatasi mbili. Moja tuliikunja na kuitia ndani ya kibuyu, na nyingine akaichukua binti yake. Sijui makumbusho gani nchini ina maelezo kamili kuliko hayo kwa kibuyu kimoja.

Jumatano: Kalenga

Daladala za Kalenga zinapatikana mjini, nauli ilikuwa shilingi 1,000, na umbali ni kilomita 15 hivi. Kwenye gari kila aliyeingia alisalimia "kamwene" na gari zima likaitikia, hata kwa mimi mgeni, hivyo ni vyema mtu ajifunze salamu hiyo kabla hajapanda.

Kalenga ilikuwa makao makuu ya Mtwa (mtawala) Mkwawa wa Wahehe, yenye ngome ya mawe ambayo Wajerumani waliivunja kwa mizinga na kuiteka tarehe 30 Oktoba 1894. Leo ni kijiji tulivu kando ya Mto Ruaha Mdogo, na makumbusho yenyewe ni nyumba ndogo mno ukilinganisha na uzito wa kilichomo. Ndani kuna mikuki, ngao, marungu na bunduki za kale, pamoja na picha za ukoo wa Mkwawa. Katikati ya yote, ndani ya sanduku la kioo, kuna fuvu.

Nitasimulia safari ya fuvu hilo kwa kirefu, kwa sababu sijui kitu kingine katika nyumba ndogo ya kumbukumbu hapa nchini kilichozunguka dunia namna hiyo. Baada ya Kalenga kuanguka, Mkwawa aliendelea kupigana msituni kwa karibu miaka minne, na serikali ya Kijerumani ikatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa kilikatwa, kikapelekwa kwa wakubwa na hatimaye Ujerumani, huku kiwiliwili kikizikwa Mlambalasi. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Fikiria mkataba uliopanga upya mipaka ya Ulaya ukitenga nafasi kwa fuvu la mtawala wa Uhehe. Hata hivyo miezi sita ilipita, na miaka zaidi ya thelathini ikapita juu yake.

Aliyelipata ni Edward Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, katika makumbusho ya Bremen, mahali palipokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na kati ya hayo 84 yalitoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yalichaguliwa yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vipimo vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, kisha miongoni mwa hayo likachukuliwa lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 Twining alilikabidhi hapo Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge la Tanzania.

Wapo watafiti wanaohoji kama njia hiyo ya kupima na kulinganisha inatosha kuthibitisha kwamba fuvu ni la Mkwawa. Nilimuuliza mwongozaji swali hilo kwa staha, nikitegemea huenda atakasirika. Hakukasirika. Alisema kwamba wazee waliokuwapo mwaka 1954 walilipokea kama mtu anavyopokea mwili wa baba yake, na kwamba tangu siku hiyo limelindwa na kuheshimiwa na ukoo wake. Kisha akaongeza jambo ambalo nililiandika mara moja: "Hapa hatutunzi mfupa, mwalimu. Tunatunza deni lililolipwa." Kwangu mimi jibu hilo halifuti haja ya uchunguzi, lakini linaeleza vizuri kwa nini kitu hiki ni sahihi kukaa Kalenga na si penginepo. Katika ghala la Bremen lilikuwa namba moja kati ya maelfu. Hapa lina watu wanaoliita kwa jina.

Makaburi ya Sapi, mwana wa Mkwawa, na ya Adam Sapi yapo jirani, na ni vyema kuyazuru baada ya kutoka ndani. Kuhusu picha, uliza kwanza na ukubali jibu utakalopewa, maana wapo wanaoingia chumba hiki kama watu waliofika kaburini. Aidha njoo na pesa taslimu, noti ndogondogo, kwa kuwa mtandao wa simu ulikuwa ukipatikana na kupotea na malipo ya simu hayakupita.

Nilikula mchana kwa mama ntilie karibu na barabara: ugali, samaki wa mtoni na mboga ya maboga, shilingi 3,000. Gari la kurudi lilichelewa hadi saa kumi, na nilitumia muda huo kuandika.

Alhamisi: Isimila

Isimila iko takribani kilomita 20 kutoka mjini, kwenye barabara ya Mbeya. Daladala inakushusha kwenye kibao na unamalizia kwa miguu. Wageni wengi huenda kwa ajili ya nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, nami nilizistaajabia, lakini kilichonipeleka ni mawe.

Mwaka 1951 mwanafunzi aliyekuwa safarini aliyaokota mawe ya ajabu katika korongo hili, na mnamo 1957 na 1958 kundi la wataalamu likiongozwa na Clark Howell lilichimba na kuthibitisha kwamba mahali hapa palikuwa kando ya ziwa dogo ambako watu wa Zama za Mawe walitengeneza zana zao. Vipimo vilivyofanywa kwenye mifupa vilitoa umri wa miaka 260,000 hivi. Miongoni mwa mifupa hiyo imo ya aina ya kiboko aliyekwisha kutoweka duniani, ambaye macho yake yalichomoza juu ya fuvu kuliko ya kiboko wa leo.

Katika nyumba ndogo ya maonyesho mashoka ya mkono yamepangwa kwenye makabati, na mengine yameachwa korongoni yalipokutwa. Mwongozaji alinipa moja nilishike. Lilikuwa na umbo la tone la maji, refu kuliko kiganja changu, zito kuliko nilivyodhani, na kila upande ulikuwa na makovu bapa ya vipande vilivyobanduliwa. Nilipoligeuza kutafuta namna ya kulishika, kidole gumba kiliingia chenyewe kwenye kovu moja, na makali yakaelekea chini. Upande mmoja wa makali ulikuwa umepondekapondeka, na mwingine bado ungeweza kukwangua ngozi ya mnyama. Aliyelichonga hatujui jina wala lugha yake, lakini alipiga mapigo yale kwa kufuata mpango aliokuwa nao kabla hajaanza, na mpango huo bado unasomeka.

Hapa ndipo nilipoona kwa uwazi zaidi kwa nini mahali kitu kilipopatikana ni sehemu ya kitu chenyewe. Jiwe hili likichukuliwa na mgeni kama ukumbusho, kule mezani kwake linabaki kuwa jiwe zuri. Hapa, tabaka la udongo lililolalia linaeleza umri wake, na mifupa iliyo jirani inaeleza lilitumika miongoni mwa wanyama gani. Kwa hiyo, tafadhali, usiokote chochote korongoni, hata kipande kidogo kinachoonekana hakina maana, na ukimwona mwenzako anatia mfukoni mwambie arudishe palepale, si popote. Sheria ya mambo ya kale inakataza, lakini ningelisema hili hata kama sheria isingekuwapo.

Vaa viatu vyenye soli nzuri na uende asubuhi, kwani korongo halina kivuli cha kutosha.

Ijumaa: Iringa hadi Songea

Siku nzima barabarani, shilingi 25,000. Makambako tulibadilishiwa tairi kwa muda mrefu, na kati ya hapo na Njombe ukungu ulishuka hadi dereva akawasha taa mchana. Njombe nilinunua parachichi na mahindi ya kuchoma, na kijana aliyeniuzia alinivulia kofia yake ya sufi niivae mpaka basi liondoke, kwa kuwa aliniona natetemeka. Tulifika Songea usiku.

Nikiwa njiani nilisoma upya maelezo niliyokusanya, na kuna jambo moja lazima niliseme. Katika nyumba moja ya kumbukumbu niliyowahi kuitembelea, ambayo sitaitaja, nilikuta kabati lenye vitu vingi ambavyo vikaratasi vyake vilikuwa vimedondoka na kurundikana chini ya rafu. Mlinzi mzee alijua kila kikaratasi ni cha kitu gani, na alinionyesha kimoja baada ya kingine bila kusita. Hakuna aliyekuwa ameyaandika. Nyumba ndogo haihitaji fedha nyingi kurekebisha hilo. Inahitaji daftari gumu, kalamu ya wino usiofutika, namba iliyofungwa kwenye kitu kwa uzi wa pamba badala ya gundi, na mtu wa kukaa na mzee huyo kwa muda wa kutosha. Daftari hilo likipatikana, mimi ningelilinda kuliko makabati yote.

Jumamosi: Songea

Makumbusho ya Vita vya Majimaji yako eneo la Mahenge, si mbali na katikati ya mji, na bodaboda ni shilingi 1,000 hadi 2,000. Kabla ya kuingia ndani unapita kwenye uwanja wenye kaburi la pamoja. Vita vilivyoanza mwaka 1905 huko Umatumbi viliwafikia Wangoni mwaka huohuo, na tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa mashujaa 67, akiwemo Nkosi (mfalme wa Wangoni) Mputa Gama. Kila mwaka tarehe hiyo watu hukusanyika kuwakumbuka, na anayeweza kupanga safari yake iangukie siku hiyo atakuta ngoma, wazee na wasimuliaji kutoka kila upande wa Ruvuma, ingawa vyumba vya wageni lazima avitafute mapema.

Kaburi la Nduna (mkuu aliye chini ya Nkosi) Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, liko peke yake. Wazee wanasimulia kwamba alizikwa bila kichwa, kwamba kichwa kilichukuliwa na Wajerumani, na ukoo wake unakitafuta hadi leo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye makumbusho haya, akakutana na wazao wa Songea, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu hilo.

Ndani ya nyumba kuna silaha za jadi, mavazi na picha. Picha ya wafungwa waliofungwa minyororo shingoni ndiyo iliyonisimamisha. Ilipigwa na upande uliowakamata, kwa sababu zao wenyewe, na bado leo wajukuu wanakuja kuitazama wakitafuta sura za babu zao. Nikiwa pale aliingia mzee mmoja na vijana wawili. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, kisha akaendelea kuwaeleza vijana majina ya koo zilizopoteza watu, akinyoosha kidole mbele ya picha bila kuigusa. Alipomaliza mwongozaji alimwomba arudie taratibu, akatoa daftari, akaandika. Wakabishana kidogo kuhusu jina moja, mzee akampigia simu dada yake Peramiho kuhakikisha, na dada akalisahihisha.

Nilipata hapo jibu la swali langu la Lugalo, angalau kwa sehemu. Vitu vya wale waliopigana na Wajerumani vimetawanyika: vingine viko Ulaya ndani ya maghala, vingine vimo majumbani mwa wajukuu, na vichache viko katika nyumba ndogo kama hizi. Vilivyo Ulaya vinadaiwa kwa barua na mikutano ya serikali, na madai hayo ni ya haki kabisa. Lakini vile vilivyo majumbani vinaweza kuandikwa habari zake wiki hii, na mtu yeyote mwenye kalamu.

Kwa watakaofuata: ukitoka Songea unaweza kurudi pwani kwa barabara ya Tunduru na Masasi, ambayo sasa ni ya lami, badala ya kurudia Makambako. Nilipita huko Jumapili, na safari ilikuwa ndefu lakini tulivu. Ukitembelea makumbusho ya Songea na una picha au kitu cha familia kinachohusiana na vita hivyo, nenda nacho, au nenda na picha yake, pamoja na jina la aliyekuachia na mahali alipoishi, kwa kuwa mwongozaji alinihakikishia wanapokea. Mimi picha nilizopiga, baada ya kupewa ruhusa, nimeshawatumia waongozaji wa Songea na wa Iringa, kila moja ikiwa na tarehe, mahali, na jina la aliyenisimulia pale aliporidhia litajwe.